Sori Niliyomwambia Zuhura

Juzi mjukuu wangu kanimwagia chai mkekani, kasema, "Sori, bibi," akaendelea na simu yake. Sikumgombeza. Lile neno ndilo lililonikamata, maana mimi nalo tunajuana tangu miaka ya hamsini.

Tulikuwa nyumba moja, Mkunazini, mimi na Zuhura, mtoto wa ami yangu. Umri sawa, kitanda kimoja. Ila yeye alipelekwa skuli, na mimi, nilipohitimu Kurani chuoni, nikaambiwa yatosha, nikae nimsaidie bibi kushona kofia na kukaanga njugu za kuuza barazani. Kila adhuhuri nikivisikia viatu vyake vinapanda ngazi, ta, ta, ta, nami nipo mbele ya jiko, macho mekundu kwa moshi. Sikufichi, mwenzangu: nilimwonea wivu hata wino uliomchafua vidole.

Siku moja mwalimu wao akawataka kila mmoja aje na maana zote za neno moja la Kiingereza. Zuhura kapewa sori. Akakaa, kalamu mdomoni, hana kitu ila "samahani".

"We Zuhura, huko skuli mnafunzwa nini?" nikamwambia. "Aliyefiwa humwambii samahani, unampa pole. Ukimkosea mtu, niwie radhi. Ukitaka kutaja choo mbele ya mkubwa, kunradhi."

"Enhe! Sema polepole, naandika."

Akaandika yote, akafunga daftari. "Kesho mwalimu atanisifu mimi, utaona!"

Maneno yangu, sifa zake. Alipokwenda kuoga, nikauchana ule ukurasa, wino bado unanuka, nikafungia njugu. Alasiri ile ile jirani yetu Bi Rukia akazitafuna barazani, akaitupa karatasi mtaroni. Nikaitazama ikienda na maji.

Kesho yake Zuhura karudi viganja vimevimba kwa bakora. Akalia mapajani mwa bibi, akisema labda mwenyewe kaupoteza ukurasa. Hata kunishuku hakunishuku, na hilo likaniudhi zaidi.

Ikafika siku ya kuvunja jungu, Ramadhani kesho. Zamani siku hiyo watu tukipitiana chumba kwa chumba, nyumba kwa nyumba, tukiombana radhi. Unasema, "Niwie radhi," mwenzako anauliza, "Kwa lipi?" nawe unalitaja, basi limekwisha. Bibi akanisukuma kwa Zuhura. Nikasimama mbele yake. Kulitaja sikuweza. Nikasema, "Sori."

Zuhura akaruka, akapiga makofi. "Bibi! Bibi, njoo! Kasema Kizungu huyu, tena kakipatia!"

Bibi akacheka, akanibusu kipaji cha uso. Hakuna aliyeuliza kwa lipi. Nilikwenda kuomba radhi, nikarudi na sifa, na Mungu anisamehe, zilikuwa tamu.

Siku hizi Ramadhani ikikaribia, radhi zinaombwa kwa simu, ujumbe mmoja kwa watu wote, na wa kuuliza "kwa lipi" hayupo. Zuhura naye kafariki, hakuniuliza. Ningependa nikwambie kuwa majuto yameumaliza wivu wangu. Hayakuumaliza. Mpaka leo akipita mtoto wa kike na mkoba wake wa skuli, moyo unaniuma kwanza, ndipo baadaye nnamwombea dua.