Mlishaji wa Korona Havai Glovu

Msaliti? Mimi? Rudia tena, Hoza, na safari hii niangalie usoni. Miaka tisa tumelisha mashine meza moja. Mkeo alipojifungua nilishika zamu yako juu ya yangu. Leo, kwa sababu nimemvua binti wa watu glovu, unaniita msaliti mbele ya wanywa kahawa wote wa mtaa wetu, Masuguru! Bora niandike, maana nikipandwa na hasira nusu ya maneno yananipotea. Na nyie wadogo mnaotafuta kazi, someni.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Chanika, Handeni, na darasa la saba langu. Kampuni ilinianzisha kwenye shamba lake la mkonge hukohuko Handeni. Mnyapara akanipa kisu, akasema, "Jani lina mwiba kwenye ncha. Wewe ukiusahau, wenyewe haukusahau." Nikakata miiba, nikafunga majani thelathini thelathini; hilo ndilo tita. Jioni utomvu ulikuwa unaniwasha mpaka naongea peke yangu. Miaka mitatu hiyo. Halafu wakanihamishia kiwandani, Korogwe, kwenye korona.

Korona ni mashine inayoparua jani la mkonge, zikabaki singa, zile nyuzi za kutengenezea kamba. Mlishaji anasimama mezani anatandaza majani yalale vizuri, mnyororo unayakamata unayapeleka ndani. Cheti chake hakuna. Unajifunza kwa kuangalia mikono ya mwenzako.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Mhina. Siku moja nikamuuliza mbona hatupewi glovu na haya majani yanatuchoma hivi. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Vidole vitatu.

"Viwili viko wapi, mzee?"

"Vilibaki ndani ya glovu. Mkono mtupu ukiguswa na mnyororo unajirudisha wenyewe. Glovu inakamatwa hujasikia kitu."

Nikarudi mezani, mikono mitupu.

Sasa mwezi uliopita tukaitwa ofisini, watu kumi na wanne, Mzee Mhina akiwa wa kwanza. Afisa utumishi akatusomea barua: kazi zimepungua, kwa hiyo kampuni inapunguza watu. Sawa. Kampuni yangu ikiumwa na mimi naumwa, nikakubali. Natoka nje, ubaoni pale getini nakuta tangazo: wanatafutwa walishaji wa korona, kidato cha nne na kuendelea. Nikarudi ndani mbio.

"Bosi, hili tangazo ni la zamani?"

"La leo. Hizo ni nafasi mpya."

"Kuna mashine mpya?"

"Mashine ni ileile."

"Sasa upya uko wapi?"

"Kwenye mfumo."

Mpaka leo sijaelewa. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mfumo gani unalisha mkonge?

Pale getini sisi tuliopunguzwa tukakubaliana: hao wapya wasiambiwe chochote. Hoza akasema, "Korona itawafundisha yenyewe." Wote tukasema ndiyo. Na mimi nilisema ndiyo, sikatai. Nilikuwa na hasira, ningekubali hata kuchoma daraja.

Ijumaa iliyopita nikaenda kurudisha ovaroli. Stoo iko ndani, lazima upite karibu na meza ya kulishia. Nikaona wapya wamesimama, wamependeza, sare mpya, na mikononi glovu nene za njano. Binti mmoja, baadaye nikajua anaitwa Zaituni, alikuwa anayasukuma majani kwa vidole mpaka kwenye mnyororo kabisa, anacheka na mwenzake. Nikapiga kelele. Nani atakusikia pale? Nikatupa ovaroli chini, nikaruka, nikabonyeza kitufe chekundu. Mashine kimya.

"Kaka, una wazimu?"

"Vua."

"Tumepewa ofisini, ni za usalama!"

"Vua, nakwambia!"

Nikamkamata mkono, nikaivuta mwenyewe. Ncha ya kidole cha mwisho cha glovu ilikuwa imeshachanwa na mnyororo. Yule binti akakiangalia kidole chake, akaiangalia glovu, kicheko kikamwisha. Wenzake wakaanza kuvua mmoja mmoja bila kuambiwa.

Meneja akatokea. "Nani kazima mashine?"

"Mimi. Shikamoo."

"Wewe si tulikupunguza?"

"Ndiyo, mzee."

Akaangalia zile glovu mezani, akaiokota ile iliyochanwa. Halafu: "Jumatatu saa moja uje. Wiki moja, uwaelekeze hawa, ukimaliza uende zako."

Sijajibu ndiyo, sijajibu hapana. Nilitoka nimechanganyikiwa hata ovaroli nikaondoka nayo. Mzee Mhina nilipomweleza alisema tu nilifanya vizuri kuzima. Hoza anasema nikikanyaga pale tena tusijuane. Na kweli tulikubaliana, na kweli wamechukua mkate wetu. Lakini yule binti barua hakuniandikia yeye. Alisoma tangazo ubaoni, akaja, kama mimi nilivyokuja kutoka Chanika.

Nina miaka thelathini na moja, nimekaa nyumbani kama mstaafu. Kazi ya mikono haimo kwenye makaratasi yao, imo humu mikononi, na wao hawajui kama imo. Hilo nalielewa. Lingine silielewi, na kesho ndiyo Jumatatu. Wewe uliyesoma kuliko mimi, nijibu: kama kazi yangu haipo, kesho naitwa nikafundishe nini?