Matanga ya Garantii

Nakumbuka siku niliyofiwa na garantii, mjukuu wangu, na waliokuwepo mpaka leo wakikutana nami sokoni wananipa pole. Usicheke kwanza, ngoja nifike.

Nilikuwa na miaka thelathini na kiburi cha watu watatu. Misimu miwili ya tumbaku ilinikubali, nikanunua pikapu mpya, viti bado vina nailoni. Wakala wa hapa Songea akanipa kijitabu: garantii ni miaka mitatu au kilomita laki moja, kitakachotangulia. Mimi nikazishika kilomita, miaka nikaiacha kitabuni. Nilijiambia garantii ni kama mahindi ghalani, usipochota hayapungui. Basi gari nikaliegesha kando ya ghala, nikalifunika turubai, nikaendelea na baiskeli yangu. Nililitoa Krismasi na Pasaka tu, kwenda kanisani.

Nililitunzia siku moja: siku ya kupeleka washenga Hanga, kwa baba yake Skola, huyu bibi yenu. Nilishajigamba kwamba wazee wangu watashuka kwenye gari, si kwenye basi. Asubuhi hiyo wazee wamevaa makoti, nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikafungua boneti. Panya walikuwa wamekula nyaya zote na kuzaa humo humo, na watoto wao walikuwa na afya njema kabisa.

Gari likavutwa hadi kwa wakala. Fundi mkuu, Mzee Kalolo, Mhehe wa Iringa, akafungua kijitabu: garantii ilikwisha mwezi uliopita. Nikafoka. Gari halijatembea, garantii itaishaje? Nikasema hata hao panya huenda walitoka nalo kiwandani. Akaniuliza kama kiwanda hicho kinalima mahindi, maana punje zilijaa kwenye injini. Nikakimbilia utani, kwa kuwa Mngoni na Mhehe ni watani tangu enzi za mababu. Nikamwambia mtani hamlipi mtani. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, lakini nani angeniambia? Wiki tatu nzima, kila asubuhi niko pale napiga meza, huku Hanga wanangoja na washenga wangu wamevua makoti.

Asubuhi moja nikakuta mafundi wamesimama kimya, kofia mkononi. Kijitabu changu kimelazwa juu ya tairi, kimefunikwa kitambaa cheupe. Unawajua watani msibani, kazi yao kumtania hata marehemu. Mzee Kalolo akakohoa, akasoma wasifu.

"Marehemu Garantii alizaliwa mzima. Ameishi miaka mitatu chini ya turubai. Hakuiona Madaba, hakuiona Mbinga. Ameacha gari moja na mfiwa mmoja, huyu hapa. Mfiwa, una neno?"

"Mzee, mimi nataka haki yangu!"

"Haki yako ndiyo tunayoizika. Sasa niambie, mtani: huyo binti wa Hanga unayetuimbia kila siku, amekupa garantii ya miaka mingapi?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilishikwa na hofu. Nililipa siku ile ile. Mzee Kalolo akanipunguzia ufundi, akadai jogoo wa matanga, akaniambia angenipunguzia tangu siku ya kwanza kama ningeomba badala ya kufoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu, na mimi nilitaka cha mvunguni nimesimama.

Nyaya zilibidi ziagizwe Dar es Salaam. Kwa hiyo Jumamosi wazee wangu walikwenda Hanga kwa basi, makoti yamejaa vumbi. Baba yake Skola akamuuliza mjomba wangu gari liko wapi. Mjomba akajibu, "Lina msiba."

Mzee yule alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Mmewahi. Tulikuwa tumempa kijana wenu mpaka Jumapili ya Matawi. Kuna mwalimu wa Namtumbo ameshapiga hodi mara mbili."

Matawi ilikuwa kesho yake.

Basi, mwanangu, ukipewa karatasi isome mpaka mwisho, hasa pale panapokuchosha. Ukionewa, dai. Lakini muda ukiwa umekwisha, usigombane na kalenda, inama uombe upunguziwe, ulipe, uende unakongojwa. Vitu vinangoja, watu wana siku zao za kungoja, na hawakupi kijitabu cha siku hizo.

Nenda salama. Mungu akufungulie barabara, akupe watani wasiokuonea haya, na panya wa ghala lako waridhike na mahindi.