Vitundu vya Kofia

Nimefungua mkebe wa biskuti wa mama, harufu ya karafuu na chumvi ikanipanda puani. Ndani mna kipande cha kofia nyeupe. Sindano bado imechomekwa, na kutu yake imeshaingia kwenye kitambaa.

Likizo ile mama alipokuwa akiishona kofia hii, tulikuwa mimi naye tu, katika nyumba ya kukodi ufukweni Qurayyat. Baba alibaki Maskati na kazi zake; angekuja Ijumaa. Watoto wa jirani walioga baharini na baba zao. Mimi nilikaa mkekani nikimkatia mama nyuzi, naye akivishona vitundu vya kofia kimoja kimoja, mchanga ukitugandama vidoleni. Kwetu, kofia ya mume haitoki dukani, hushonwa na mkewe.

"Nnataka akija aikute tayari," alisema.

Ijumaa Baba akaja. Alishuka garini kavaa kofia mpya, iliyoshonwa kwa mkono, vitundu vyake vidogo kama ufuta.

Mama aliitazama sana.

"Mashaallah," akasema. "Aliyekushonea ana mkono mzuri."

Baba akauliza kama chai ipo.

Alasiri, Baba alipokwisha kuondoka, mama alitandika mkeka palepale. Nikakata uzi kama kawaida, nikampa. Hakuupokea.

"Huimalizi, mama?"

"Kichwa chake kishapata kofia, mwanangu."

Akaendelea kutazama maji. Nami nikabaki na uzi mkononi, sijui niuweke wapi.