Mtihani wa Masikio Nilioushinda

Mke wangu alitoa sharti hapa nyumbani kwetu Budondo: niende Jinja nikapimwe masikio. Karatasi ikisema ni mabovu, atabaki na atanipigia kelele mpaka kaburini. Ikisema ni mazima, basi miaka yote hii akiniita nakaa kimya nilikuwa namdharau, naye atahamia kwa binti yetu Mbale.

"Karatasi haiogopi bunduki yako, afande!" akanipigia kelele karibu kabisa na sikio.

Bunduki yenyewe niliirudisha zamani. Nilikuwa askari jela, tukilala na kuamka na Kiswahili cha amri, ndiyo maana naandika hiki. Kisoga changu, lugha ya nyumbani, kwenye karatasi hakisimami. Watu husema askari ana kiburi. Ni kweli. Mimi nilijua kwamba sisikii. Masikioni walianza kupotea majogoo, ikafuata mvua juu ya mabati, mwisho yeye. Sikumwambia, nisije nikaonekana nimekwisha. Nilikuwa natikisa kichwa tu.

Huko Jinja nesi aliniingiza katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akanivisha hedifoni. Aliongea akinitazama, akaniita jaja, yaani babu, nikamwelewa: "Jaja, ukisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, bonyeza hapa." Akatoka, akakaa kwenye mashine yake upande wa pili wa kioo.

Sasa, mtu aliyesimama kwenye lango la jela miaka na miaka hatazami uso wa mfungwa, anatazama bega. Anayetaka kukimbia, bega lake hutangulia. Na yule nesi, kila alipogusa mashine, bega la kulia lilipanda kidogo. Likipanda, nabonyeza. Sikuwa nimepanga. Shule niliiacha darasa la tatu, na siku za matokeo mwalimu alianza kusoma kutoka juu, mimi nangoja kule chini kabisa. Sijawahi kushinda mtihani wowote. Siku ile nikaona nashinda, nikasahau kilichonipeleka. Naona haya kuandika, lakini nilifurahi.

"Jaja, una masikio ya kijana!" nesi akasema, akagonga muhuri.

Mke wangu anajua kusoma kunishinda. Aliisoma karatasi mara mbili, akaingia ndani kufunga nguo zake. Nikamfuata nikimweleza habari ya bega. Akaendelea kufunga. Kesho yake akaenda.

Nikarudi Jinja. Safari hii niliomba kiti kigeuzwe, nitazame ukuta. Nilikaa, kidole juu ya kitufe, nangoja, nangoja. Wakaandika ukweli: sikio la kushoto limekwisha, la kulia liko njiani. Nikapanda basi mpaka Mbale, karatasi mfukoni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yetu, anachambua maharage. Aliisoma, akairudisha.

"Mama, si ya daktari hii?" binti akamsihi.

Mke wangu akanitazama usoni, akatamka neno moja moja, nisikose hata moja:

"Afande, uliweza kuidanganya mashine kwamba unasikia. Utashindwaje kuidanganya kwamba husikii?"

Hata mimi, ningekuwa yeye, nisingeamini. Binti akaniletea chai. Niliinywa nikiwa nimesimama, kwa maana hakuna aliyenionyesha kiti.