Besi ya Baba Yangu

Nilipomwambia mke wangu kwamba wufa ya besi ninayoitafuta ni ya baba, alicheka hadi akaweka sufuria chini. "Ya mzee? Basi itakaa kwake," alisema, akijua fika kwamba haitakaa kwake. Nikanuna. Nilinuna kwa sababu nusu ya maneno yangu ilikuwa uongo, na yeye alikwenda moja kwa moja kwenye nusu hiyo.

Nieleze kwanza spika nilizokuwa nazo. Nilizipata kwa mwalimu mwenzangu aliyestaafu na kurudi kwao. Ni za mbao nzito, kubwa kama kabati la vyombo, na kila moja ina mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta. Sauti huanza ndogo huko kooni, ule mdomo unaikuza, nayo inakufikia usoni. Hazihitaji nguvu. Amplifaya ndogo tu inatosha, na mtu anayechuma majani chai ng'ambo ya bonde atasikia mwimbaji akivuta pumzi. Nilizikalisha juu ya vipande vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, nikazielekeza mlangoni, na kwa miezi kadhaa sikumwachia mgeni nafasi ya kuzungumza jambo lingine.

Zina kasoro moja tu: chini hazifiki. Ngoma husikika kama mtu anayegonga meza, na mwimbaji wa sauti nzito kama amejifunika blanketi. Si ubovu. Ili mdomo wa tarumbeta ukuze besi ya chini kabisa, ungehitaji kuwa mpana kuliko mlango wa nyumba yangu. Ndiyo maana wenye spika za namna hii huongeza wufa, sanduku la peke yake lenye kazi ya kubeba zile sauti za chini.

Aliyeigundua kasoro hiyo si mimi. Ni baba.

Nyumba yake na yangu ziko boma moja, hatua chache tu kati yazo. Kila Sabato, tukishatoka kanisani na kula, huja kukaa kwangu hadi jua lipungue. Hukaa barazani, si ndani. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima tunayoiita chinsoni, ya kuweka umbali kati ya mzazi na mahali anapolala mwanawe na mkewe. Siku hizi wengi wameiacha, na hakuna anayewauliza. Baba hakuiacha. Tangu nioe hajavuka kizingiti changu, hata siku mvua ya mawe ilipomkuta barazani. Ana kiti chake cha mbao chini ya dirisha, mke wangu humtolea chai hapo, nami hutoka kumsalimu. Ningeweza kuzihamishia spika kwake, ndiyo. Nilisema hazitapita mlangoni pake. Sikuwahi kuupima.

Baba aliimba besi katika kwaya ya kanisa letu kwa miaka mingi. Walikuwa wanne kwenye mstari huo. Wawili walishafariki, akabaki yeye na rafiki yake mmoja anayeishi karibu na soko la Birongo. Kwaya hiyo ilirekodiwa mara moja tu, kwenye makambi ya kanisa huko Nyamira, nikiwa bado shule ya msingi. Kaseti ilikaa kwenye sanduku la mama hadi nilipoipeleka mjini ikahamishiwa kwenye flashi. Sabato niliyoicheza kwa mara ya kwanza, baba alisikiliza wimbo mzima kimya, kisha akaniita dirishani.

"Wanawake nawasikia," alisema. "Tena nawasikia. Sisi tumeenda wapi?"

Nikamweleza kwamba spika hazina besi.

"Basi tafuta kitu kitakachotutoa huko tulikojificha. Nilipokuwa nikiimba nilisikia wa kando yangu tu. Sijawahi kujua kama tulikuwa wazuri."

Hilo ndilo alilolitaka. Si redio, si muziki wa kumwondolea uchovu. Alitaka kujua kama walikuwa wazuri.

Mjini Kisii kuna fundi mmoja, mtu wa upande wa ziwa, mwenye duka la spika nyuma ya maduka ya nguo. Alinisikiliza, akauliza spika zangu ni za aina gani, kisha akanionyesha wufa mbili. Ya kwanza ilinivutia nikiwa bado mlangoni: kubwa, ina tundu la kupumulia mbele na taa za buluu. Mwalimu mwenzangu mwingine anayo kama hiyo, na akiiwasha vikombe hutembea mezani. Ya pili ilikuwa kisanduku cheusi kilichozibwa pande zote, hakina taa wala mbwembwe.

"Hiyo kubwa itakufurahisha wiki moja," fundi alisema. "Mwalimu, spika zako ziko na mbio. Sauti ikitoka, imetoka. Ukiziwekea hii kubwa, besi itakuja imechelewa, kama mtu anaitikia amina wakati wengine wamekaa chini."

Akaunganisha kile kisanduku na spika za dukani, akachomeka flashi yangu, akapunguza sauti hadi nikadhani amekizima, kisha akaanza kuzungusha kitufe cha nyuma. Alieleza kwamba spika zibaki na kazi yao, na wufa ipokee pale zinapochoka tu, isiingilie juu zaidi ya hapo. Alizungusha, akasikiliza, akarudisha kidogo. Ghafla wakatokea. Wanaume wanne walisimama chini ya wale wanawake, kila neno mahali pake. Nikamtambua baba. Ana tabia ya kuanza nusu hatua kabla ya wenzake, hata kwenye sala ya chakula, na hapo alikuwa kijana kuliko nilivyo mimi leo, ametangulia vilevile. Machozi yakanilenga. Nikanunua kisanduku cheusi, na nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijiona mwana mwema kweli.

Jumapili fundi alikuja kuiweka. Baba alikuwa ameenda kukatia ng'ombe nyasi, lakini walikutana langoni wakasalimiana kwa Kiswahili, na fundi aliingia akisema, "Mzee ni mtu poa sana." Kisha akaniuliza swali moja.

"Mwenye kusikiliza anakaa wapi?"

Alieleza sababu. Besi ya wufa hujikusanya kwenye pembe moja ya chumba na kukauka kwenye nyingine, kwa hiyo yeye hutanguliza kiti cha msikilizaji. Huiweka wufa juu ya kiti hicho, anaiwasha, halafu anatambaa kuzunguka chumba akitafuta pale inaposikika safi. Hapo ndipo huihamishia, na msikilizaji akirudi kitini pake atapata usafi uleule.

Jibu la kweli lilikuwa hatua nne kutoka tuliposimama. Ningesema: barazani, chini ya dirisha. Angeuliza kwa nini mzee asiingie, na mimi ningemweleza. Lakini nilijiona mwalimu, mwenye vyeti ukutani, namweleza mtu wa mjini kwamba baba yangu husikiliza muziki nje kama mtu aliyefukuzwa. Niliona aibu. Nimeshajaribu kuliandika jambo hili kwa maneno laini zaidi, lakini halikubali: nilimwonea aibu baba yangu. Na upuuzi mkubwa zaidi ni kwamba hata kwao ziwani wana miiko yao ya nyumba ya mwana. Angenielewa kabla sijamaliza.

"Anakaa hapo," nikasema, nikionyesha kochi.

"Na mzee?"

"Mzee pia hapo hapo."

Akaiweka wufa juu ya kochi langu, akapiga magoti kwa suruali yake safi, akatambaa sebule nzima akiwa ameinamisha kichwa, huku mke wangu akimchungulia kutoka jikoni na kuziba mdomo. Alichagua kona ya ukuta wa mbele, ukuta uleule wa baraza. Kisha akazigeuza spika kutoka mlangoni, zikalitazama kochi. Nilipokaa na kusikiliza, sikuwa na la kuongeza. Ilikuwa kazi nzuri sana, ya mtu anayeijua kazi yake.

Sabato iliyofuata baba alimwalika rafiki yake wa Birongo. Alikuja polepole na mkongojo wake, amevaa koti la kanisani, wakaketi wawili barazani wamenyamaza kama watu wanaosubiri kuitwa ofisini. Nilicheza makambi ya Nyamira kutoka mwanzo. Mimi nilikaa kochini, nikafumba macho.

"Mnasikia?" niliuliza baada ya wimbo wa pili.

"Tumesikia," baba akajibu.

Hawakungoja mwisho. Waliondoka wakati wa wimbo wa nne, nami nikasema moyoni kwamba wazee huchoka haraka. Sikutoka hata kuwauliza wameonaje.

Tangu siku ile baba hakuiulizia tena kaseti. Kanisani nilimwona akifungua kitabu cha nyimbo na kusimama na wengine, lakini midomo yake haikutikisika. Nilidhani ni meno. Kisha nikadhani ni umri. Mvua za masika zilipokuja, rafiki yake aliugua akafariki, na kwenye mazishi, watu walipoimba, baba alilikumbatia koti lake akatazama chini. Baadhi ya waombolezaji walimgeukia, wakingoja aanze besi kama alivyozoea kuanzisha kwenye kila msiba. Hakuanza. Nikamwonea huruma kwa huzuni yake.

Ilipita miezi. Sabato moja mke wangu alipata wageni, akina mama wenzake wa kanisani, wakajaza viti vyote pamoja na kochi langu. Nikafukuzwa kwa heshima. Nikatoka na kikombe changu nikaketi kwenye ngazi ya baraza, karibu na kiti cha baba. Ndani, mke wangu akawachezea wageni ile kwaya.

Mwanzoni nilifikiri kuna lori barabarani. Ukuta ulikuwa unanguruma. Vioo vya dirisha vilitetemeka juu ya kichwa cha baba, na kutoka mle ndani ya ukuta ikaja sauti moja nene isiyo na neno wala wimbo, kama fahali aliyefungwa zizini kwa jirani. Wanawake walisikika mbali sana, kama wako nyumba nyingine. Kila besi ilipoingia, iliwaharibia.

Nikamtazama baba. Alikuwa akinywa chai.

"Tata," nikasema, "hivi ndivyo unavyosikia siku zote?"

"Ndivyo tulivyokuwa tunaimba," alijibu bila uchungu. "Mimi sikujua. Miaka yote ile, na hakuna aliyetwambia."

Nikakiacha kikombe kwenye ngazi. Niliingia ndani mbele ya wageni bila kuomba radhi, nikachomoa waya, nikaikumbatia ile wufa nikaitoa hadi kizingitini, nikarudi nikaburuta spika moja kwenye mawe yake hadi mdomo wake ukatazama nje. Akina mama walinyanyua miguu nipite. Mke wangu hakucheka safari hii. Nikauchomeka waya tena, nikaurudisha wimbo mwanzo.

Wakaimba. Wanne wote, kila mmoja na sauti yake, chini ya wanawake kama msingi wa nyumba. Baba alikiweka kikombe sakafuni. Alisikiliza shingo ikiwa mbele, na ilipofika sehemu ambapo besi hubaki peke yao, aliinua kidole.

"Huyo ni yeye," alisema. "Huyo anayeshuka chini kabisa. Ni yeye."

Wimbo ukaisha. Akaniomba niurudie, nikaurudia. Kisha akazungumza bila kunitazama.

"Siku ile, tukiwa njiani, nilimwambia. Nilimwambia kumbe tulikuwa tunaharibu nyimbo za Mungu, heri tukae kimya. Akasema hata yeye amesikia. Akaacha kuimba, mpaka pale hospitalini, wauguzi walipomwimbia, alikataa kuitikia. Nilikuwepo."

Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya kwetu haina haraka.

"Kwa nini haikuwekwa hivi tangu mwanzo?" akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini mbegu haikuota.

Ule ndio ulikuwa wakati wangu. Wageni walikuwa wakisikiliza ndani, mke wangu amesimama mlangoni, na baba yangu ananitazama usoni kwa mara ya kwanza mchana ule. Neno moja tu lilihitajika.

"Fundi ndiye alikosea, tata."

"Ulimwambia mimi hukaa wapi?"

"Nilimwambia."

Baba akatafakari, akatikisa kichwa taratibu.

"Basi msamehe," alisema. "Ni mtu wa mbali, hajui mambo ya kwetu. Usimwendee na maneno makali."

Nikamwambia nimeshamsamehe.