Funguo zilirudi, deni likabaki

Saa mbili asubuhi, Mama Makochi amepiga magoti mbele ya kochi la watu, misumari midogo mitatu kaibana kwa midomo, anavuta kitambaa cha rangi ya kahawia mpaka kinyooke. Anagonga msumari, anarudi nyuma, anatazama. Kisha anaung'oa na kuanza upya.

"Pembe hii ina kiburi," anasema. "Lakini leo tutajuana."

Jina hilo la utani alipewa na majirani wa mtaa huu wa karakana, na mwenyewe amelizoea. Ana miaka hamsini na mitano. Kwa wiki humaliza seti mbili, tatu mambo yakinyooka, na kipato hicho kinatosha kodi ya chumba na chakula. Hana hata jokofu lililonunuliwa kwa jina lake. Kila kitu cha maana alichonacho kimeandikwa jina la mdogo wake wa kike, wadai wasije wakakikamata.

Chanzo ni nyumba. Yeye na mumewe waliinunua kwa mkopo wa benki, wakalipa miaka tisa bila kuruka mwezi. Mume akafariki. Mwaka mzima alijikongoja peke yake, na maji yalipozidi unga alifagia vyumba vyote, akafuta madirisha, akapeleka funguo benki kwa mkono wake.

"Nilifagia, mwanangu! Nilidhani nikirudisha nyumba safi, tumemalizana."

Hawakumalizana. Nyumba iliuzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na pengo kati ya bei hiyo na mkopo likabaki shingoni mwake. Ukilipima kwa kazi yake, lilikuwa sawa na seti mia nne za makochi.

Sheria ya kwao inampa mdai miaka kumi na miwili ya kwenda mahakamani. Ikipita bila mdaiwa kulipa chochote wala kukiri deni kwa maandishi, hawezi tena kumshtaki. Mama Makochi hakulijua hilo. Mwaka wa tano baada ya mnada, aibu ilipomzidi, alituma benki pesa ya seti moja.

"Nilitaka wajue mimi si mwizi. Nimelelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa."

Malipo yale madogo yaliifanya hesabu ya miaka ianze upya. Uungwana wake ulimgharimu miaka mitano, na hata kuyaandika haya kunauma.

Aliyemfungua macho ni seremala wa karakana ya jirani, mgane mcheshi anayemtengenezea fremu. Ndiye aliyemburuta hadi kwa mwanasheria wa msaada wa bure. Ndiye pia aliyemposa mara tatu, na mara zote tatu akakataliwa.

"Alinikataa kwa heshima," seremala anacheka, akiingia na fremu begani. "Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya tatu chai ile haikuwa hata na sukari."

Mama Makochi hacheki. "Ana nyumba yake, kaijenga kwa jasho. Mimi nimeshapoteza moja. Sitaki niwe sababu ya mtu kupoteza ya pili."

Mwanasheria alimhakikishia kwamba nyumba ya seremala haitaguswa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mama Makochi amesema atasubiri muda wa kushtakiwa uishe, na unaisha mwisho wa mwezi huu.

Tukiwa bado tunazungumza, simu yake inaita. Ni binti wa kampuni ya kukusanya madeni, sauti tamu kama ya mpwa anayeomba nauli.

"Mama, tuma hata kidogo tu, kuonyesha nia njema. Au nikuletee karatasi usaini?"

Mkono wa Mama Makochi unakwenda wenyewe kwenye pochi. Unasita juu ya zipu. Seremala amesimama, fremu bado begani.

"Binti yangu," Mama Makochi anasema, "situmi kitu na sisaini kitu. Nakutakia kazi njema."

Anakata simu, kisha machozi yanamtoka.

"Sijawahi kumwambia mtu silipi," anasema. "Ni aibu, jamani."

Seremala anatua fremu chini na kumpa leso. "Miaka tisa ulilipa, na nyumba wakachukua," anamwambia kwa upole. "Umelipa, fundi. Umelipa sana."

Anatoka bila mzaha, na Mama Makochi anamsindikiza kwa macho mpaka anapoingia kwake.

Mwezi ukiisha, anasema, atanunua jokofu na risiti iandikwe jina lake lote, mpaka la babu. Tunamuuliza, na yule jirani je? Akija kuposa tena?

Mama Makochi anajifuta macho, anaokota nyundo.

"Haji," anasema. "Mara ya nne nitamwuliza mimi."