Podo Isiyo na Mzinga

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti zito la kaki, buti kubwa kuliko miguu yangu, na onyo. Bwana Misitu, mkuu wa kituo chetu juu ya Kimulot, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza ofisi. "Hili koti ni la serikali, Lugalia," aliniambia. "Miti ikipungua upande wako, utalirudisha. Na ulirudishe likiwa limefuliwa." Nikasema ndiyo, afande. Nilizaliwa kambini, wazazi wangu walikuwa wachumaji chai waliotoka Maragoli, na hilo koti lilikuwa nguo mpya ya kwanza kugusa mwili wangu. Nililipenda mno.

Eneo la askari mmoja wa msitu tuliliita biti. Biti yangu ilianzia chai inapoishia, ikapanda mpaka kwenye chemchemi iliyonywesha watu wote wa bondeni. Juu ya maji hayo zilisimama podo, miti minene kweli kweli. Wenyeji, Wakipsigis, wanaiita saptet. Mti ulioruhusiwa kukatwa tuliugonga chapa kwa nyundo ya chuma. Usio na chapa ukianguka, huo ni wizi, basi. Siku hizi nyinyi vijana mnapiga picha kwa simu. Sisi tulikuwa na nyundo na miguu.

Sikuwa nimezoea hata buti wakati agizo lilipokuja kwamba mizinga yote ya nyuki ishushwe msituni. Warina asali hutumia moshi, na kiangazi hicho moshi ulikuwa umewasha moto upande wa pili wa msitu wa Mau. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wenye mizinga. Waliishusha bila kelele, nikadhani mambo yamekwisha.

Wapi! Mvua zilipoanza tu, podo zikaanza kuanguka. Wapasuaji mbao walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwenzake shimoni, wakavutana msumeno mrefu. Ni kazi ya kutwa, na kelele zake zinafika mpaka kwenye chai. Lakini kila niliyemuuliza hakuwa amesikia kitu. Magogo yalipoburutwa kwenye chemchemi, akina mama walichota tope, na bado hawakusema neno.

Bwana Misitu akaniita. "Podo moja tena ikianguka, nataka koti langu." Mke wangu alikuwa ndio kwanza amejifungua, tukikaa kwenye nyumba ya kazi. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa naibu chifu.

Naye akaniitishia baraza. Nikawaomba watu wanisaidie kulinda miti. Kisha akainuka Bot Cherono, bibi aliyeishi karibu na chemchemi. "Wewe askari, uliambia sisi tushushe mizinga, tukashusha. Sasa huo msitu ni ya nani? Ya serikali. Basi serikali ichunge!" Watu wakacheka, nami nikaangalia buti zangu.

Njiani Mzee arap Bett, mrina asali wa siku nyingi, alinishika mkono. "Kijana, sikia. Mti ikiwa na mzinga yangu, hiyo iko na mwenyewe. Baba yangu alinipa, na mimi nitapea mtoto yangu. Hata mwizi anaogopa kuigusa. Nyinyi mmeondoa mwenyewe. Ni nini itazuia msumeno?"

Nikampeleka kwa Bwana Misitu. Wakanywa chai wawili hao, mimi nimesimama mlangoni.

"Na moto, mzee?" Bwana Misitu akauliza.

"Nani atakimbia kuzima, kama si mtu ambaye asali yake iko huko ndani?"

Bwana Misitu alicheka mpaka akafuta macho. "Haya, warudishe. Lakini moto ukiwaka, Lugalia, mimi na wewe tutakwenda kuchuma chai na mama yako."

Mizinga ikarudi, kila nyumba na podo yake. Mimi sikuwa na mti. Askari alikatazwa kuweka mzinga ndani ya biti yake, na hata angeruhusiwa, mti hutoka kwa baba, na baba yangu alikuja Kimulot na kikapu cha chai tu.

Asubuhi moja Bot Cherono alikuja mbio akipiga kelele, "Askari! Msumeno!" Watu wakatoka mashambani, vikapu bado mgongoni. Tulimkuta Kiplangat, mpasuaji kutoka Silibwet, na mwenzake, wameinama chini ya podo, msumeno umeshazama kwenye gome. Kwa haraka yao hawakuangalia juu. Arap Bett aliangalia.

"Kiplangat," akasema polepole, "hiyo mzinga ni yangu."

Lo! Kiplangat alikuwa amemwoa binti yake. Kwa Wakipsigis, mkwe hata kumtazama baba mkwe usoni ni taabu, sembuse kukata mti wake wa nyuki! Msumeno ulimtoka mkononi. Hakuna aliyempiga. Nilimhurumia, nasema kweli.

Bwana Misitu alichukua msumeno, hukumu akawaachia wazee. Wakamwamuru Kiplangat azibe kidonda cha mti kwa udongo na samadi, na autunze maisha yake yote. Arap Bett akahamisha mzinga wake, mti upumzike. Tangu siku hiyo hakuna podo iliyoanguka bila chapa kwenye biti yangu, na koti likabaki mgongoni.

Nilihamishiwa Londiani, nikarudishwa, mabwana misitu wakabadilika. Ile podo yenye kovu ilinenepa, lakini hakuna aliyeweka mzinga tena. Nilidhani wanaona aibu.

Siku ya kustaafu nilirudisha koti, limefuliwa. Nje nilimkuta Kiplangat, kichwa cheupe, akinisubiri. Tulipanda mpaka kwenye ile podo. Juu yake palikuwa na mzinga mpya, aliouchonga mwenyewe.

"Mzee kabla hajakufa alisema hii mti iachiwe wewe," akasema. "Ulikuwa na koti, hungeweza kuweka mzinga. Sasa hauna koti."

Nililia palepale, mtu mzima mimi.

Siku hizi miguu hainipeleki huko juu. Anayerina ni mwanangu, yule aliyezaliwa kwenye nyumba ya kazi. Wakimuuliza mti ule aliupata wapi, anajibu kama mwenyeji mwingine yeyote wa Kimulot: alipewa na baba yake.